Uzi wa James Baldwin na sinema: kwa sisi tuliokulia kwenye kibanda umiza

Mtoto wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Uzi huu ni mrefu, nimeuandika jioni tatu mfululizo, namuomba msomaji avumilie.

Kuna kitabu kidogo cha James Baldwin, mwandishi mweusi wa Marekani, kinaitwa The Devil Finds Work, kilitoka 1976. Wiki hii nimekimaliza kwa mara ya tatu. Wengi humu mnamjua Baldwin kwa hotuba zake za kudai haki za watu weusi Marekani, au mmeona vipande vya mahojiano yake, macho makubwa, sigara kidoleni, anaongea kama mhubiri. Na mhubiri alikuwa kweli: alipanda mimbarini Harlem, mtaa wa watu weusi New York, akiwa na miaka 14, akashuka akiwa na 17. Lakini hiki kitabu chake cha kwenda sinema sijaona mtu akikizungumza kwa Kiswahili, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Humo hagawi nyota wala hasimulii muvi kutoka mwanzo hadi mwisho kama tunavyofanya sisi. Ni mtu mzima, ameshavuka miaka 50, anakumbuka viti alivyokalia gizani tangu utotoni. Nani alikuwa pembeni yake, nani alicheka, nani alinyamaza, na yeye aliona nini kwa kuwa alikaa pale.

Anaanza na mtoto wa miaka kama saba anayemtazama mwigizaji mzungu Joan Crawford kwenye filamu ya 1931, Dance, Fools, Dance. Kilichomkaa kichwani ni mgongo wa yule mwanamke akipita kwenye ujia wa treni. Baadaye mtoto yuko dukani, anamwona mama mmoja mweusi anunuaye vitu, na kwake yeye huyo ni Joan Crawford mtupu. Mama analipa, anatoka, mtoto anamfuata. Watu wa dukani wanaomjua wanacheka na kumwita arudi. Yule mama naye anacheka, anamtazama kwa tabasamu zuri kiasi kwamba mtoto hakuona hata haya. Mhakiki wa kawaida asingeiandika habari hiyo, kwa sababu haimo kwenye muvi. Baldwin anaiweka kurasa za mwanzo, kwa sababu kwake muvi haikuishia ukumbini. Ilimfuata hadi dukani ikakaa kwenye uso wa jirani.

Halafu kuna habari ya macho. Baba yake wa kambo, mhubiri mkali, alikuwa akimwambia miaka yote kwamba hajawahi kuona mtoto mwenye sura mbaya kama yeye. Macho yake yametoka kama ya chura, na macho hayo ni ya mama yake. Siku moja anamwona Bette Davis kwenye kioo cha sinema. Mzungu, nyota, tajiri, na macho yametoka vilevile kama ya mama! Mtoto anashindwa kuvuta pumzi. Anaelewa kwamba kwenye maneno ya baba kuna ugonjwa, na kwamba hayo macho huenda yakamfikisha mahali. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na kila mara inanikamata koo, maana na mimi nilikuwa na jina nililopewa nyumbani kwa ajili ya masikio yangu, na halikuwa jina la mapenzi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Mwaka 1958 ilitoka The Defiant Ones. Wafungwa wawili wametoroka wakiwa wamefungwa mnyororo mmoja, mweusi ni Sidney Poitier, mweupe ni Tony Curtis. Wanachukiana, wanateseka pamoja, mwisho wanakuwa ndugu. Mnyororo umeshakatika. Treni inapita, Poitier ameshadandia, ananyoosha mkono amvute mwenzake, mwenzake anashindwa. Basi Poitier anaiacha treni na uhuru wake, anashuka ili asimwache yule mzungu peke yake.

Baldwin anasema kwenye kumbi za wazungu wenye nia njema watu walipiga makofi. Harlem walipandwa na hasira, wakapiga kelele: rudi kwenye treni, mjinga wewe!

Muvi ni ile ile, kumbi mbili. Baldwin hawacheki wale wa makofi wala hawafanyi wale wa Harlem kuwa malaika. Anauliza kule kuruka kutoka kwenye treni kulikuwa kwa ajili ya kumtuliza nani. Jibu lake ni kwamba kuliandikwa ili mzungu aliyekaa kwenye kiti ajue hachukiwi, kwamba hata baada ya yote mweusi atashuka kwa ajili yake. Hilo huwezi kulipata kwa kutazama kioo peke yake. Lazima ugeuze shingo uwatazame waliokaa nyuma yako.

(Mtakaosoma kitabu, angalieni treni zinavyorudi. Crawford kwenye treni, Poitier anashuka kwenye treni, halafu In the Heat of the Night ya 1967 Poitier huyohuyo yuko stesheni anaagana na mkuu wa polisi. Sidhani kama alipanga, lakini zipo.)

Mimi nimekulia Tanga, Ngamiani, miaka ya tisini. Kibanda umiza chetu, yaani banda la kuonyeshea video, kilikuwa cha mabati na magunia, benchi sita, deki moja, runinga moja, jenereta nje. Kiingilio shilingi hamsini. Mwenye banda alikuwa askari mstaafu, aliyepigana vita vya Kagera. Jioni moja tunaonyeshwa Rambo, ile ya Vietnam, ya 1985. Watoto tumebanana, jasho, mtu amekaa juu ya paja la mwenzake. Kila adui akianguka tunashangilia. Mtoto mgeni akiingiwa na hofu anaambiwa neno ambalo kila aliyekulia Tanzania analijua: stelingi hafi, yaani shujaa wa muvi hafi.

Nilifika kidato cha tano ndipo mwalimu wa historia akatufundisha vita vya Dien Bien Phu huko Vietnam, 1954, wakulima walioburuta mizinga mlimani kipande kwa kipande hadi Wafaransa wakashindwa. Kitabuni kulikuwa na picha, watu wembamba wenye kofia za ukindu. Nikawatambua. Walikuwa wale tuliokuwa tunashangilia wakianguka. Sisi, watoto wa nchi iliyokuwa inawahifadhi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, jioni zote zile tulikuwa upande wa helikopta.

Baldwin alilisema kabla yangu, Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1965, kwenye ule mdahalo alioshinda kwa kura 544 dhidi ya 164. Alisema ni mshtuko mkubwa kwa mtoto wa miaka mitano, sita au saba kugundua kwamba wakati Gary Cooper, stelingi wa muvi za cowboy, anawaua Wahindi Wekundu na wewe unamshangilia Gary Cooper, Wahindi Wekundu walikuwa ni wewe.

Swali langu kwenu. Sisi tunaandika sana kuhusu muvi. Humu kuna nyuzi nyingi za "muvi gani kali" na "nisimulieni mwisho". Kwa nini hatuandiki tulikuwa tumekaa wapi?

Dereva wa Kimara

Mkuu heshima yako, umeandika vizuri. Ila niseme ninavyoona mimi. Nashuka kwenye gari saa tano usiku, mgongo umekufa, abiria wamenitukana siku nzima. Nikiweka muvi nataka kichwa kipumzike. Ukianza kujiuliza adui ni nani na kiti chako kiko wapi, hiyo si burudani tena, umegeuza muvi kuwa kazi nyingine. Halafu mimi napenda za kutisha, za mapepo. Huko mambo ya mweusi na mweupe hayapo, ni shetani tu na padri.

Mtoto wa Ngamiani

Ndugu Dereva, nashukuru umesema wazi, na pole kwa kazi. Baldwin alizipenda sinema kuliko mimi na wewe. Alikuwa kifungua mimba katika watoto tisa, nyumba ndogo, kelele, njaa, na ukumbi wa sinema ulikuwa mahali pa kupumua. Kuna mwalimu mmoja kijana, mwanamke mzungu, aliyemwita Bill Miller, ndiye aliyekuwa akimchukua kwenda kuona picha na michezo ya jukwaani, na kumpa vitabu. Baldwin anasema kwa sababu ya mwanamke huyo hakuweza kamwe kuwachukia wazungu wote kwa jumla. Kwa hiyo hata raha yake ya sinema ilikuwa na mtu ndani yake aliyekaa kiti cha pili. Nadhani kupumzika na kufikiri vilikaa pamoja kwake bila kugombana.

Na umetaja mapepo, umenifungulia mlango. Mwisho wa kitabu anaizungumza The Exorcist ya 1973, ile ya binti aliyepagawa na kitanda kinachotikisika. Haikumtisha kwa namna walivyotaka. Anasema shetani amemwona, mchana na usiku, na hakuhitaji kitanda kutikisika. Amemwona machoni mwa polisi, mwenye nyumba, baadhi ya wahubiri, machoni mwa baba yake, na kwenye kioo chake mwenyewe anapojitazama. Kinachomtia hofu ni watu wanaotoka ukumbini wakiwa wametulia, kwa kuwa wameonyeshwa uovu ulioingia kutoka nje na kutolewa nje, na hakuna aliyeulizwa amemfanyia nini jirani yake. Siku nyingine ukiiweka ya mapepo, jaribu kumtafuta shetani wako kwa namna hiyo. Kisha uje utuambie, mimi nitasoma kila neno.

Mwalimu Kibwana

Nimeufuatilia uzi huu kwa furaha. Nataka kuongeza kitu kwa mwanzisha uzi, maana umesema kana kwamba sisi hatuna insha ya namna hii. Wewe ni mtu wa Tanga. Shaaban Robert ni mtu wa Tanga. Kielezo cha Insha kilichapishwa 1954, Baldwin akiwa bado hajatoa kitabu chake cha kwanza cha insha, kilichotoka 1955. Nimefundisha fasihi zaidi ya miaka ishirini na kila mwaka nawakuta wanafunzi wanadhani insha ni adhabu ya mtihani, utangulizi, kiini, hitimisho. Wakifungua Shaaban Robert wanashangaa kumwona mtu mzima anawaza kwa sauti.

Na kama unataka Mswahili aliyeandika juu ya sanaa na msikilizaji wake, soma tena Wasifu wa Siti binti Saad. Binti wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu, akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Shaaban Robert anamsifu, lakini tazama pia anavyoonyesha dharau aliyopata mwanamke yule kwa asili yake na sura yake, na namna sauti ilivyomshinda kila aliyemdharau. Hapo kuna Bette Davis wako. Kuna mtoto wa kike wa Kiafrika mahali fulani aliyeisikia santuri ile akajua sauti ya nyumbani kwao inaweza kuvuka bahari.

Ninachokubali ni kwamba baada yake tuliacha. Tulifanya insha kuwa zoezi la darasani, tukaipeleka hamu yetu yote kwenye riwaya na ushairi. Sinema haikupata mwandishi wake wa Kiswahili wakati kumbi zilikuwa zimejaa, na hilo linaniuma, kwa sababu waliokuwa wakienda wanaondoka mmoja mmoja na hatukuwauliza.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Mwalimu kasema wanaondoka, mie bado nipo alhamdulillah, basi niulizeni.

Nilikuwa msichana Unguja. Sinema tulikuwa tukienda na mama na makhalati kwenye onyesho la wanawake watupu. Siku hiyo mji mzima mabuibui, watoto wanakokotwa mkono, karanga na halua ndani ya mikoba. Mkiingia ukumbini mabuibui yanateremshwa, na humo ndani ni harusi. Manukato, udi, khanga mpya. Picha za Kihindi ndizo zilizokuwa zetu. Kihindi hatukijui hata neno, lakini nyimbo tulizishika zote.

Sitosahau picha ya Mother India. Nargis kalea wanawe kwa tabu isiyosemeka, mume kaondoka, mafuriko, njaa, mwenye kuwakopesha pesa anawanyonya. Mwanawe Birju anakuwa jambazi, mwisho anamteka binti wa yule mkopeshaji siku ya harusi yake. Na mama anachukua bunduki, anampiga mwanawe mwenyewe.

Wallahi ukumbi ulipasuka. Ng'ambo yangu mama mmoja kasimama analia, anasema hakuna mzazi wa kufanya hivi, hakuna, waongo hawa. Nyuma akajibiwa na mwenziwe, kwani yule binti hana mama? Tulitoka nje na jambo lile halikwisha. Kutoka sinema hadi nyumbani wanawake wanabishana, na siku ya pili kisimani wanabishana. Mama yangu hakusema kitu. Usiku akaniambia, mie ningempiga pia, lakini nisingeliweza kula tena. Sijawahi kumsikia mama akisema jambo kubwa kama lile. Alikuwa mwanamke wa "sawa" na "inshallah". Picha ndiyo iliyomfungua mdomo, na si picha tu, ni kwamba mlikuwa hamna mwanamme humo ndani wa kumwambia nyamaza.

Wanaume wa mji ule waliiona picha hiyo hiyo usiku mwingine. Sijui wao walibishana nini.

Mtoto wa Ngamiani

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimeisoma mara mbili, nikamsomea na mke wangu. Kwa heshima zote nakuomba uendelee kuandika, hata kipande kimoja kwa wiki. Ulichoandika ndicho nilichokuwa nakitafuta kwa maneno elfu moja nikashindwa.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Marahaba mwanangu. Inshallah, macho yakiniruhusu.

Wa Kisauni

Hamjambo. Niko Mombasa, naomba niulize jambo. Sisi huku wengi tulikua na DJ Afro. Muvi inachezwa lakini sauti unayoisikia ni yake, anaeleza, anachekesha, anawapa wahusika majina ya mtaani, mtu wa Hong Kong anaitwa jina la jirani yako. Najua kwenu kulikuwa na Lufufu, na Uganda wako na watafsiri wao. Sasa kama kiti ndicho chenye maana, huyu mtafsiri amekaa wapi? Yeye si mtazamaji kama sisi na si mwenye muvi. Kuna muvi ambazo nilizipenda utotoni, nikaja kuziona na sauti zenyewe za asili, bila mtafsiri, nikiwa mkubwa, nikazikuta zimepwaya. Nilichokuwa nimekipenda kilikuwa ni yeye.

Mtoto wa Ngamiani

Ndugu yangu wa Kisauni, swali hili limeninyima usingizi. Lufufu tulimsikia sana Ngamiani. Nadhani mtafsiri alikuwa anafanya kwa mdomo kile Baldwin alichofanya kwa kalamu: alikaa kwenye benchi letu, akaiambia muvi ya Marekani kwamba hapa tuko sisi. Akimwita adui jina la balozi wa nyumba kumi, kibanda kizima kilijua muvi sasa inatuhusu.

Na kuna kisa cha Baldwin kinachogeuza jambo hili upande wa pili. Mwaka 1968 alikwenda Hollywood kuandika filamu ya maisha ya Malcolm X. Studio ikampa mtaalamu wa kukaa naye, kila tukio aliloandika likawa linageuzwa liwe "la kisinema". Yaani alipewa mtafsiri. Lakini huyu alikuwa anamtafsiria mwenye pesa. Baldwin akaondoka, na alichoandika akakichapisha mwenyewe kama kitabu mwaka 1972. Kwa hiyo ningeuliza mtafsiri anamtumikia nani kabla ya kuuliza amekaa wapi. Wetu alikuwa anawatumikia watoto wa shilingi hamsini.

Mwana wa Uvira

Bandugu, salamu kutoka Ohio. Nimezaliwa Uvira, nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, Kiswahili changu kimechanganyika, munivumilie.

Huu uzi umenikumbusha kitu sijawahi kumwambia mtu. Kambini tuliona The Lion King, ile ya katuni ya 1994. Tulifurahi sana. Simba anaitwa Simba! Rafiki anaitwa Rafiki! Tuliona ni kama muvi yetu, wazungu wamejifunza Kiswahili kwa ajili yetu. Yule nyani mzee anaimba "wewe nugu, mimi hapana", sisi watoto tunaanguka kwa kucheka.

Miaka mingi baadaye niko hapa Marekani, wanatoa ile mpya ya 2019. Nimepeleka watoto wangu wawili. Ukumbi mkubwa, viti vya kulala. Kiswahili kinapita humo ndani na mimi peke yangu najua kinasema nini. Nilijisikia mtu mkubwa kweli, nilitaka kusimama niwaambie watu wote, hii ni lugha yangu.

Kisha wakaja fisi. Kiongozi wa fisi anaitwa Shenzi. Nimeisikia mara nyingi utotoni na haikuniuma. Siku ile iliniuma, sijui kwa nini, labda kwa sababu binti yangu aliniuliza, "Baba, Shenzi maana yake nini?" Simba ni simba. Rafiki ni rafiki. Na Shenzi?

Nyinyi wa pwani munajua hilo neno. Zamani mshenzi ni mutu wa bara, asiye na dini, asiye na nguo nzuri, mutu wa kubeba mizigo ya msafara ama wa kufungwa shingo. Misafara ile ilikuja kwetu, ilipita ziwani, Uvira na Ujiji. Mababu zangu ndio waliitwa hivyo. Na kwenye muvi hao fisi wanaishi nje ya mpaka, mahali pa giza na mifupa, hawatakiwi kuingia kwenye nchi nzuri ya simba, wana njaa kila siku, na tunafundishwa tucheke njaa yao. Ile ya 1994 sauti ya Shenzi ni ya Whoopi Goldberg, mwanamke mweusi wa Marekani. Sijui kama kuna mutu alimweleza hilo neno limebeba nini.

Mimi nimekaa nje ya mpaka miaka kumi na mitatu na kadi ya chakula mkononi. Nilikuwa nashangilia Simba, na fisi walikuwa ni mimi.

Binti yangu nilimwambia, "Ni jina tu." Nikamdanganya. Bado sijarudi kumwambia.

Mwalimu Kibwana

Ndugu wa Uvira, nimefundisha neno hilo darasani kama msamiati, "mshenzi: mtu asiyestaarabika", nikaendelea na neno linalofuata. Na ustaarabu wenyewe tumeukubali bila kuuliza una asili gani. Jumatatu sitaendelea na neno linalofuata. Nakuomba ruhusa niwasomee wanafunzi ulichoandika, bila kutaja kokote ulipo.

Mwana wa Uvira

Ruhusa iko, mwalimu.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Mwanangu wa Uvira, sisi wa visiwani neno hilo tumelitumia, na mie nimelitumia, kwa watu waliotubebea maji. Nakuomba radhi. Na binti yako mwambie. Watoto wanajua wakidanganywa, wanangoja tu.

Dereva wa Kimara

Nimerudi wakuu. Nimesoma hadi hapa badala ya kulala. Mkuu Mtoto wa Ngamiani, nina swali moja limenikaa. Umeandika juu ya watoto kwenye mabenchi na wewe ulivyogundua baadaye. Lakini umesema mwenye banda alikuwa askari wa Kagera. Yeye alikuwa anaionaje hiyo Rambo? Mjomba wangu alikwenda vita ile na mpaka anafariki hakuwahi kutuambia kitu.

Mtoto wa Ngamiani

Ndugu Dereva, nimekaa na swali lako tangu jana. Nimempigia simu kaka yangu aliyekuwa akikaa benchi la nyuma, tukaunganisha kumbukumbu.

Kulikuwa na kiti kimoja cha plastiki mlangoni, cha mzee mwenyewe. Alikaa hapo akikusanya hela, akizima na kuwasha taa. Muvi za ngumi alizitazama zote, na alizipenda, alikuwa akicheka kabla ya sisi kucheka kwa sababu ameshaziona. Kwenye za Kihindi aliimba. Lakini za vita kila mara ilipoanza milio, alikuwa anainuka, anasema jenereta. "Naangalia jenereta." Sisi hatukuwa tukimjali, tulijua jenereta zina matatizo, petroli, plagi, na hatukutaka izimike stelingi akiwa katikati ya hatari. Wengine walimhimiza: nenda mzee, nenda.

Kaka anasema siku moja alitoka kukojoa wakati wa ile sehemu ya helikopta. Jenereta lilikuwa linanguruma vizuri kabisa. Mzee alikuwa amesimama kando yake, karibu sana, mkono ameuweka juu ya lile bati la moto, kichwa amekiinamisha upande wa injini kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo. Kaka alimwamkia, hakusikia.

Ndani tulikuwa tunapiga kelele. Kutoka pale alipokuwa amesimama, ilimbidi aweke sikio karibu kiasi kile na injini ili asitusikie.

Ilipotulia milio alirudi, akaifuta mikono kwa kitambaa, akakaa kwenye kiti chake mlangoni, akatazama hadi mwisho.